Ukuta wa Nyuma

Kazi ile ilianza kama kazi nyingine yoyote. Mwezi wa pili mwaka themanini na tatu, Simioni Heche, meneja wa duka la ushirika, alimwita fundi Athuman nyumbani kwake Nyamisangura akaangalie gereji. Athuman alikuwa seremala. Baba yake alikuja Tarime kutoka Tabora akiuza vitambaa kwa baiskeli, akaoa hapo hapo, na Athuman alizaliwa na kukulia mjini, Kikurya anakiongea kama wenyewe. Nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa na mlango au kitanda alichokitengeneza yeye.

Gereji ilisimama nyuma ya nyumba, mgongo wake ukigusana na migomba. Ilikuwa ya mabati matupu, paa na kuta, yamepigiliwa kwenye nguzo za mikaratusi. Ndani kulikuwa na gari aina ya Pijo lililokaa juu ya mawe mwaka wa pili kwa kukosa matairi. Simioni alisema gari litatolewa nje na kufunikwa turubai, maana alitaka pale pawe chumba cha kuishi. Mama yake, Bibi Robi, alikuwa peke yake kijijini Genkuru. Paa la nyumba yake lilikuwa limeoza, na kila masika kifua kilimbana mpaka majirani wakaanza kutuma salamu za kumtaka mwanawe aje amchukue. Katika nyumba kubwa hapakuwa na nafasi.

Athuman alizunguka akigonga mabati kwa kidole. Alimwambia Simioni ukweli, kwamba mabati mchana yanachoma na alfajiri yanatoa jasho la baridi, na mtu mwenye kifua hawezi kulala humo. Dawa yake ni kujenga ukuta wa pili wa mbao kwa ndani, na katikati ya mbao na mabati kujazwe maranda makavu yaliyochanganywa na majivu ili mchwa na panya wasiingie. Juu ingewekwa dari, nayo imwagiwe maranda. Aliwahi kuona mafundi wa misheni wakijenga hivyo chumba cha kuhifadhia maziwa, na maziwa yalikaa siku mbili bila kuchacha.

Simioni alisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza nafasi ile ya katikati inakuwa na upana gani. Athuman akamwonyesha kwa vidole, inchi nne.

"Huwezi kuweka futi moja?" Simioni aliuliza. "Ukuta wa nyuma tu. Huko ndiko upepo unakotokea."

Athuman alicheka kidogo. Futi moja ingekula chumba, na maranda ya kuijaza yasingepatikana Tarime nzima. Simioni hakucheka. Alisema maranda ya ukuta ule atayatafuta yeye.

Upepo wa kiwanja kile ulitokea upande wa mlango. Athuman aliliona jambo hilo siku ile ile, akiwa amesimama hapo na shati linapeperuka, akalinyamazia. Mbao zilikuwa hazipatikani, watu walikuwa hawajengi, na tangu mwaka uanze alikuwa ametengeneza majeneza matano na meza moja.

Alifanya kazi ile wiki tatu. Mbao nyingine zilikuwa mpya, nyingine zilitoka kwenye masanduku ya zamani ya chai, na aliziranda zote mpaka zikafanana. Alisimamisha fito, akapiga mbao upande mmoja baada ya mwingine, na kila alipofika usawa wa kiuno alimimina maranda na kuyashindilia kwa mpini wa jembe. Mke wake Sabaha alichekecha majivu nyumbani na kuyaleta kwa ndoo. Ukuta wa kushoto ulipokwisha Athuman aliweka kiganja chake juu ya mbao saa saba mchana, jua likiwa kali, akaona zina ubaridi kama ubavu wa mtungi. Alifurahi. Kazi ya namna ile hakuwa ameifanya kwa mikono yake mwenyewe kabla.

Ijumaa ya pili Simioni alikuja mapema kutoka dukani. Alimwambia Athuman akienda kuswali asirudi, apumzike, ataendelea kesho. Athuman alishukuru. Jumamosi asubuhi aliporudi alikuta ukuta wa nyuma umekwisha pigiliwa mbao kuanzia chini mpaka juu.

Haikuwa kazi yake. Misumari ilikuwa imepinda, mingine imegongwa mara tatu nne mpaka mbao zikawa na makovu. Tena chumba kizima kilinuka petroli. Simioni alieleza kwamba binamu zake walileta magunia ya maranda kutoka kiwanda cha kupasulia mbao, mvua ikatishia, wakaona heri wajaze na kufunga kabisa. Harufu ile ilikuwa oili chafu waliyoichanganya na petroli kidogo na kuipaka mbao kwa ndani, kwa ajili ya mchwa. Itaisha.

Mafundi wengi walifanya hivyo, Athuman mwenyewe amewahi kufanya. Aling'oa misumari iliyopinda zaidi, akapiga mingine, akaendelea na dari. Lakini siku zote zilizobaki alijikuta akifanya kazi ameupa mgongo mlango, uso kwenye ukuta ule, na hakujua kwa nini.

Siku ya kumaliza, Simioni alimpa malipo yake na juu yake akamwongezea miche miwili ya sabuni na sukari kilo tatu. Wiki hiyo Sabaha alikuwa amepanga foleni siku tatu mbele ya duka la ushirika, na siku zote tatu meneja mwenyewe alitoka mlangoni akatangaza kwamba sabuni hakuna. Sabaha aliipokea sabuni, akainusa, akaitazama pande zote. Hakuuliza. Aliikata vipande vidogo kwa uzi, akaviweka ndani ya chungu nyuma ya mlango, na akawaambia watoto wasimtajie mtu.

Bibi Robi aliletwa mwanzoni mwa mwezi wa tatu kwa gari la mizigo, amekaa mbele na dereva. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekonda, masikio yake yametogwa na kuvutwa kama ya wazee wa zamani. Alipoona chumba aliingia, akatoka, akaingia tena. Alishika mbao kwa viganja vyote viwili. Athuman alikuwepo, akifunga komeo, naye alimwamkia shikamoo. Bibi aliitika, akamwuliza kwa Kikurya kama yeye ndiye aliyeijenga, na alipojibu ndiye, akamwombea watoto wengi na mikono isiyouma. Jambo moja tu lilimsumbua. Aliuliza mafiga atayaweka wapi.

Simioni alimwambia humo ndani hakuna moto. Chakula kitatoka nyumba kubwa. Bibi alisema hakuzungumzia chakula. Tangu azaliwe alikuwa hajalala kwenye nyumba isiyo na moto. Mwanawe akarudia kwamba hakuna moto, kwa sauti iliyomfanya mkewe Agustina, aliyekuwa amebeba godoro, asimame mlangoni bila kuingia.

Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, redio ilitangaza operesheni ya kuwasaka walanguzi na wahujumu wa uchumi. Mji ulibadilika kwa siku mbili. Magari ya polisi yalipita na mgambo wamesimama nyuma, na barabara ya kwenda Sirari, mpakani, ikawekwa vizuizi viwili. Watu walianza kuogopa vitu vyao wenyewe. Sukari ilionekana imemwagwa kwenye mto Mori, maji yakipita juu yake. Katika vyoo vya shimo kulielea vitenge vipya. Mwalimu mmoja aliyekuwa na baiskeli mbili aliivunjavunja moja akaizika shambani. Maduka ambayo mwaka mzima hayakuwa na kitu yalijaza rafu ghafla, na wenye maduka walisimama mbele yake wakitabasamu na macho yamewatoka. Duka la Simioni nalo lilikuwa na sabuni. Yeye alikuwa mjumbe katika kamati ya kukagua maduka mengine.

Katikati ya mwezi wa nne Agustina alimtumia Athuman ujumbe kwamba mlango wa gereji umevimba kwa mvua na mama hawezi kuufungua. Athuman alienda na randa yake asubuhi. Bibi Robi alikuwa amekaa kitandani amejifunga shuka mbili na kanga tatu. Alikuwa amekonda zaidi. Alimlalamikia kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake habari mbaya asiyotaka kumwambia. Kuta hizi mbili nzuri, alisema, na dari nzuri, lakini ukuta wa nyuma una baridi. Akilala ameuegemea anaamka mbavu zimekakamaa.

Athuman aliweka kiganja. Ulikuwa baridi kama bati. Aligonga usawa wa kifua, akasikia sauti ambayo haikuwa ya maranda. Maranda yaliyoshindiliwa huitika kwa uzito, kama gunia la pumba. Hapa palikuwa na kitu kinene chenye maji. Alishuka akigonga mpaka karibu na sakafu. Mbao ya chini kabisa ilikuwa na doa jeusi, upana wa viganja viwili. Alilishika, akanusa kidole. Haikuwa oili chafu. Ilikuwa petroli, na ilikuwa mbichi.

Alikuwa bado amechuchumaa alipotazama chini ya kitanda. Kulikuwa na jiko dogo la bati lililofunikwa kwa ungo, na ndani yake majivu bado yana joto.

Hakumwambia Bibi kitu. Aliranda mlango haraka haraka, akala mbao zaidi ya ilivyotakiwa, kisha akaenda moja kwa moja dukani.

Simioni alimpeleka stoo ya nyuma na kufunga mlango. Hakukana, na hilo lilimwogopesha Athuman kuliko kama angekana. Alieleza kwa utulivu kwamba ni petroli ya gari la ushirika, aliyoiweka kidogo kidogo kwa ajili ya watu wa Sirari, na kwamba sasa barabara zimefungwa hawezi kuitoa hata dumu moja. Ni kusubiri tu. Athuman alimwambia dumu mojawapo linavuja. Akamwambia pia kwamba mama ana jiko chini ya kitanda.

Simioni alinyoosha kalamu iliyokuwa juu ya meza ikae sawa na kitabu. Kisha akasema moto amekwisha mkataza, na atamtafutia mablanketi mengine.

"Umemkataza, lakini anao," Athuman alisema. "Nimeliona jiko kwa macho yangu. Majivu yana joto."

"Nimekusikia, fundi. Sasa niambie wewe. Wazo la ukuta lilitoka kwa nani?"

Athuman alitazama mlango uliofungwa.

"Mimi niliomba chumba," Simioni aliendelea. "Ukuta wenye tumbo umejenga wewe. Wakija wataangalia ni mkono wa nani, na mkono wako unajulikana Nyamisangura nzima. Nenda nyumbani. Wiki mbili hizi zitapita."

Aliyasema hayo bila hasira, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwatangazia watu siku ya kuja kwa sukari.

Nyumbani Athuman alimweleza Sabaha kila kitu. Sabaha alisikiliza huku akichambua mchicha, na alipomaliza kusikiliza akaendelea kuchambua ule ambao tayari ulikuwa umechambuliwa. Walizungumza juu ya polisi. Wote wawili walijua kwamba siku hizo aliyekwenda kituoni kusema hakuwa na uhakika wa kutoka, na aliyejenga maficho angehesabiwa pamoja na mwenye maficho. Walikuwa na watoto wanne. Sabaha akaleta chungu cha sabuni, akamimina vipande vyote ndani ya beseni la maji, akaanza kuvisugua viyeyuke, akimwaga povu shimoni nyuma ya nyumba. Alisugua mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Mwambie yule mama mwenyewe," alisema mwishowe. "Nyumba ni ya mwanawe, lakini roho ni yake."

Kesho yake mvua ilianza asubuhi, na baadaye ikachanganyika na mawe. Athuman alitoka hivyo hivyo, mfuko wa vifaa begani, gunia kichwani. Agustina alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni wa nyumba kubwa. Alisema mama amezidiwa, anatetemeka tangu alfajiri, meno yanagongana. Kisha akatazama chini.

"Nimemwekea jiko," alisema.

Athuman alimwuliza kama anajua kilichomo ukutani. Agustina alijibu kwamba aliambiwa asiulize, naye hakuuliza. Aliposema hivyo uso wake ulibadilika, kana kwamba ndiyo kwanza ayasikie maneno yake mwenyewe. Athuman alikuwa amekwisha kuanza kukimbia.

Alipofika mlangoni alisimama. Dirisha lilikuwa limefungwa, na chini ya mlango kulisokomezwa nguo kuzuia upepo. Aliogopa kuufungua kwa nguvu upepo usiamshe makaa, na aliogopa kukawia. Aliusukuma taratibu. Harufu ilimshika kooni. Jiko lilikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta wa nyuma, limejaa makaa mekundu, hatua mbili kutoka kwenye doa. Doa lilikuwa limepanda. Sasa lilifika usawa wa goti, na mbele yake sakafu ilikuwa imelowa. Bibi Robi alikuwa ameinama juu ya jiko na mikono yake miwili wazi, amefumba macho.

Athuman alivua gunia lililolowa, akalizungushia jiko, akalinyanyua. Joto lilipita kwenye gunia likamuunguza viganja. Alitembea. Alitaka kukimbia, lakini alitembea, akiutazama mlango tu. Karibu na kizingiti kaa moja lilidondoka likaviringika nyuma. Alilisikia badala ya kuliona. Alirudisha mguu, akalikanyaga kwa ndala ya tairi, akalisaga mpaka harufu ya mpira ikapanda, kisha akatoka na kulitupa jiko kwenye mvua. Lilitoa mvuke mwingi na kunyamaza.

Aliporudi Bibi alikuwa amefumbua macho, hajaelewa. Athuman alipiga goti karibu na kitanda, akamweleza kwa Kikurya, polepole, asiache kitu: ukuta, futi moja, Ijumaa ile, madumu, uvujaji. Alimwambia pia kwamba yeye ndiye aliyetoa wazo la ukuta wa pili.

Bibi Robi aliinua shuka aliyojifunga akainusa.

"Nilidhani ni mwili wangu," alisema. "Nilidhani uzee unaninukisha. Nimefua nguo hizi kila siku."

Baadaye akauliza, "Simioni anajua kilichomo?"

"Anajua, mama."

Aliomba kigoda, akaomba asaidiwe kukaa nje chini ya upenu, mahali mvua isipofika. Alipokwisha kaa, akifunikwa na Agustina aliyekuwa akilia bila sauti, aligeuza kichwa kuelekea ndani.

"Fungua," alisema.

Athuman aling'oa mbao moja baada ya nyingine kuanzia juu. Maranda yalikuwa kiasi cha gunia moja tu, yamemwagwa juu kwa kudanganya jicho. Chini yake yalipangwa madumu, mawili mawili, kutoka sakafuni hadi kifuani, yameegemea mabati yenye baridi. Yalikuwa kumi na tisa. Hakutumia nyundo ya chuma kwenye mbao za chini. Alizivuta kwa mikono iliyoungua, akihofia cheche ya msumari. Aliyabeba madumu nje moja moja na kuyapanga kwenye kiwanja mbele ya macho ya wote. Majirani walikuja kwenye ua. Wengine, walipotambua wanachokiona, waligeuka wakarudi majumbani kwao haraka, kwani siku hizo hata kuona lilikuwa jambo la kuulizwa.

Agustina aliondoka. Muda mfupi baadaye Simioni alifika kwa miguu, shati limemganda mwilini. Alitazama madumu, akamtazama Athuman, mwisho akamtazama mama yake. Alimwambia Athuman kwa sauti ya chini ayarudishe ndani upesi. Bibi Robi akamwita. Alimwuliza swali moja tu, alitaka yeye alale wapi. Simioni alisema alipanga kuyaondoa wiki hii.

"Wiki hii nimelala humo siku saba," Bibi alisema.

Simioni alikaa chini kwenye tope karibu na miguu ya mama yake. Walikaa hivyo, bila kugusana, mpaka polisi walipofika. Nani aliyewaita haikujulikana kamwe. Waliwachukua Simioni na Athuman wote wawili, wakawapandisha nyuma ya gari pamoja na madumu, miguu yao katikati yake. Askari mmoja alitoa sigara, na mwenzake akampiga mkono kabla hajawasha.

Athuman alikaa ndani miezi mitano, kwanza Tarime, halafu Musoma. Swali lilikuwa lile lile kila mara. Nani alijenga? Alijibu kwamba ni yeye, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na kila alipojibu aliyeandika aliinua kichwa kumtazama upya. Aliyemtoa ni Bibi Robi. Aliletwa mbele ya baraza lililosikiliza kesi za wahujumu, ameshikwa mikono pande zote, akakataa kiti, akaeleza kwamba fundi alijenga ukuta na mwanawe akaujaza, na kwamba fundi ndiye aliyeufungua. Mwanawe alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake. Simioni alihukumiwa miaka saba. Athuman aliachiwa mwezi wa tisa.

Vifaa vyake vilishikwa kama ushahidi na havikurudi. Kazi nayo haikurudi kama zamani. Akiingia kwenye nyumba ya mtu na kutazama ukuta, mwenye nyumba alidhani anatafuta kilichofichwa. Sabaha alianza kuuza maandazi.

Mwezi wa kumi na mbili alipanda gari la mizigo akaenda Genkuru kumsalimu Bibi Robi. Alimkuta katika nyumba yake ya zamani, upande mmoja wa paa umeezekwa upya na upande mwingine umeachwa. Moto uliwaka katikati. Alikohoa sana. Alisema watu wa ukoo humpitia na kumsalimia, lakini hawakai. Mama aliyesimama mbele ya wakubwa wa serikali akamtaja mwanawe, wamwambie nini. Hakulalamika. Alimkaribisha uji, akamwangalia akinywa, kisha akauliza alichokuwa amekiweka moyoni muda wote huo.

"Simioni alijua nina moto mle ndani?"

Athuman alikumbuka stoo, na kalamu iliyonyooshwa ikae sawa na kitabu. Aliutazama moto. "Hakujua, mama."

Bibi alimtazama usoni, naye bado anautazama moto, akatikisa kichwa taratibu. Aliuliza barazani yeye fundi alijibu nini juu ya hilo, Athuman akasema hawakumwuliza. Basi, alisema Bibi, na akamhimiza aondoke kabla mvua haijaharibu njia.

Mwaka uliofuata wafungwa wengi wa operesheni ile waliachiwa, na Simioni alikuwa mmoja wao. Athuman alisikia amerudi, akasubiri. Hakujua anasubiri nini. Kwa siku kadhaa alifanya kazi uso ukiuelekea mlango. Siku ya sita Simioni alikuja kwenye karakana ya Athuman, mvua ikinyesha, nywele zimeingia mvi. Alisimama kizingitini muda mrefu. Athuman alikuwa na patasi ya kuazima mkononi na hakuiweka chini.

"Nimetoka Genkuru," Simioni alisema. "Nimemwambia mama kwamba ulinieleza habari ya jiko. Kwamba nilijua."

Athuman aliuliza Bibi amesemaje.

"Amesema fundi alishamwambia."

Athuman alisema hapana, yeye alimwambia kinyume chake. Simioni alimtazama kana kwamba jambo hilo halikuleta tofauti yoyote.

"Ndivyo alivyosema," alijibu.

Aliingia akakaa kwenye benchi, maji yakimchuruzika, akiitazama sakafu. Hakuomba kitu, na Athuman hakumpa kitu. Mvua ilipopungua aliinuka akaondoka bila kuaga, akishika njia ya kwenda chini, yanakopakia magari ya Genkuru, siyo ya nyumbani kwake Nyamisangura.